Kuhamia ng'ambo na gari lako: roro, kontena, au uliuze ununue jingine huko

Gari likifika bandari ya nchi ngeni kisha likakataliwa, mwenyewe hulipa mara tatu: nauli ya kulileta, tozo za kulihifadhi wakati anahangaika na maofisa, na mwisho nauli ya kulirudisha lilikotoka au gharama ya kuliharibu. Ndiyo maana naanzia hapa, kabla ya kugusa meli. Watu huchambua bei za usafiri wiki nzima ilhali hawajauliza kama gari lenyewe linaruhusiwa kuingia.

Sheria hazifanani hata kidogo. Marekani, gari ambalo halikutengenezwa kwa viwango vya usalama vya huko haliingii moja kwa moja kwa matumizi ya kudumu mpaka litimize miaka 25. Kanada kikomo cha namna hiyo ni miaka 15. Kenya inakwenda upande wa pili: gari likiwa na zaidi ya miaka 8 tangu kusajiliwa mara ya kwanza, kwa kawaida halipiti. Kwa hiyo gari moja lenye miaka 26 linafunguliwa mlango nchi hii na kufungiwa nchi ile, na hakuna kampuni ya meli itakayokuzuia kulipakia. Kazi yao ni kulifikisha bandarini tu. Australia wanataka kibali cha kuingiza gari kiwe mkononi kabla halijapakiwa, na huko udongo kidogo uliokauka chini ya bodi unatosha kukuletea bili ya kusafishiwa upya. Kati ya Septemba 1 na Aprili 30 wanakagua zaidi shehena za magari kutoka nchi walizoziorodhesha, kwa kumhofia mdudu mmoja wa jamii ya kunguni wa mimea ambaye hujificha kwenye mianya ya bodi na ni hatari kwa mashamba.

Upande wa kodi nako kuna nafuu ambayo wengi huikosa kwa kutojua tarehe. Umoja wa Ulaya humsamehe ushuru wa forodha mtu anayehamishia makazi yake huko, ikiwa aliishi nje ya Umoja huo kwa miezi 12 mfululizo, na gari amelimiliki na kulitumia kwa angalau miezi 6 kabla ya kuhama. Akishalipata hawezi kuliuza, kulikodisha wala kuliazimisha kwa miezi 12, la sivyo ushuru unadaiwa. Nchi nyingine nyingi zina msamaha unaofanana na huo. Ukinunua gari jipya wiki tatu kabla ya kuondoka ukidhani umejiandaa vizuri, huenda umejitoa mwenyewe kwenye msamaha.

Ukishapata jibu la mamlaka ya forodha na la wanaosajili magari kwa maandishi, sasa tuingie kwenye njia zenyewe.

Roro na kontena

Roro ni meli ambayo magari huingia na kutoka kwa magurudumu yake. Ni kama jengo la kuegesha magari la ghorofa nyingi linaloelea, na zile kubwa hubeba zaidi ya magari 8,000. Unalipeleka gari bandarini, unaacha ufunguo, wafanyakazi wa bandari wanaliendesha hadi ndani na kulifunga sakafuni kwa mikanda. Kontena unalijua: sanduku la chuma la futi 20 au 40. Gari linaingizwa, linawekewa vigingi vya mbao kwenye matairi, linafungwa kwa mikanda, kisha mlango unapigwa lakiri.

Kwa gari moja la kawaida linalotembea, roro huwa nafuu, na sababu ni rahisi: hakuna kazi ya kupakia kontena huku, hakuna kazi ya kulifungua kule, na hakuna kontena tupu la kurudisha. Bei yake mara nyingi hupigwa kwa ujazo, kwa mita za ujazo, na hapa kuna jambo dogo lenye maana kubwa. Gari la urefu wa mita 4.5, upana 1.8 na kimo 1.5 lina ujazo wa mita 12.15. Ukiliacha na kibebea mizigo juu ya paa kinachoongeza sentimita 30, ujazo unakuwa mita 14.58. Umeongeza asilimia 20 kwa ajili ya vyuma ambavyo ungevifungua kwa spana kwa dakika 20.

Watu huogopa kwamba ndani ya roro gari hupigwa na maji ya chumvi. Sivyo. Sitaha za magari zimefunikwa. Hatari ya roro iko nchi kavu. Gari lako hukaa uwanjani, ufunguo wake uko mikononi mwa watu, na huendeshwa na wageni kadhaa kabla hujaliona tena. Mikwaruzo ya bampa, redio iliyochomolewa, tairi la akiba lililotoweka: hayo ndiyo malalamiko ya kweli ya roro. Ndiyo maana kampuni nyingi za roro hukataa kabisa vitu vya nyumbani ndani ya gari, na hata zinazoruhusu huwa hazivilipii vikipotea. Lichukulie gari la roro kama litakalosafiri likiwa tupu, na viti na zana zake za kiwandani tu.

Kontena hulitoa gari kwenye mikono hiyo yote. Likishapigwa lakiri, hakuna anayeligusa mpaka lifunguliwe. Gari lisilowaka hupandishwa kwa winchi bila shida, wakati roro huomba nyongeza kubwa kwa gari lisilotembea au hulikataa. Na kontena hufika bandari nyingi ambazo meli za roro hazitii nanga, jambo ambalo peke yake linaweza kukuamulia.

Lakini kontena lina vipimo vyake, na havibembelezeki. La futi 20 la kawaida lina urefu wa ndani wa kama mita 5.9, na mlango wake una upana wa mita 2.34 na kimo cha 2.28. Gari lenye upana wa mita 1.9 huacha kama sentimita 20 kila upande, kwa hiyo mlango wa dereva haufunguki ndani ya kontena. Mpakiaji hutokea dirishani au kupitia mlango wa nyuma. Basi dogo lenye paa lililoinuliwa haliingii kabisa kwenye kontena la kawaida. Utahitaji lile la kimo kikubwa zaidi, ambalo mlango wake hufika karibu mita 2.58 kwenda juu. Pima gari lako mwenyewe, na vioo vya pembeni vikiwa vimekunjwa, usitegemee kijitabu.

Faida inayowavuta wengi kwenye kontena ni kuchanganya. Unahamisha nyumba, unachukua la futi 40, gari linakaa nyuma na mbele yake kuna vitanda, vitabu na vyombo. Kwa hesabu ya nauli hii ndiyo njia bora kwa familia, na mimi huipendekeza, ila kwa sharti moja: hati za gari ziwe safi kuliko kawaida. Ndani ya kontena moja, tatizo la gari ni tatizo la kila kitu. Forodha wakilishikilia gari kwa sababu namba ya chasisi imekosewa herufi moja kwenye hati, magodoro na madaftari ya watoto nayo yamekwama, na kontena linahesabiwa siku. Kampuni ya meli hutoa siku chache za bure. Baada ya hapo unalipia kila siku ambayo kontena limebaki bandarini, na tena kila siku ambayo halijarudishwa tupu. Tozo hizo mbili huhesabiwa kila moja peke yake na zimewahi kuzidi nauli yenyewe.

Kuna pia kontena la kuchangia, ambapo mkusanyaji huweka magari mawili, matatu hadi manne ya watu tofauti. Bei hushuka hadi karibu na roro. Ubaya ni kwamba unasubiri kontena lijae, na ukifika unasubiri hati za wenzako. Mwenzako asipolipa ushuru wake, gari lako linaweza kubaki nyuma ya lake. Kwa pikipiki ningechangia kontena bila kusita, pikipiki ikiwa ndani ya kasha lake la mbao. Kwa gari ambalo nalihitaji kwenda kazini wiki ya pili, hapana.

Kile bima inacholipa

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo watu wema hupoteza mali yao yote wakidhani wamelindwa.

Bima yako ya barabarani karibu kila mara huishia getini bandarini. Na kampuni ya meli hailipi thamani ya gari lako. Hulipa hadi kikomo cha sheria, tena ukithibitisha kosa ni lake. Chini ya kanuni za Hague-Visby, zinazofuatwa na mataifa mengi ya bahari, kikomo ni vizio 666.67 kwa kifurushi au vizio 2 kwa kila kilo, vyovyote vilivyo zaidi. Kizio hapa ni SDR, kipimo cha thamani cha Shirika la Fedha la Kimataifa. Gari la kilo 1,500 lina kikomo cha vizio 3,000, liwe kuukuu au jipya kutoka dukani. Kwa safari zinazotawaliwa na sheria ya Marekani ya 1936, kikomo cha kawaida ni dola 500 kwa kifurushi. Gari zima linaweza kuhesabiwa kuwa kifurushi kimoja.

Kwa hiyo unakata bima ya mizigo ya baharini, na utapewa aina mbili. Ya kwanza hulipa gari likipotea lote tu: meli imezama, imeungua. Ya pili hulipa hatari zote, pamoja na mikwaruzo na kioo kilichovunjika, na ni ghali zaidi. Kwa roro, aina ya kwanza haikufai sana, maana madhara ya kawaida ya roro ni madogo madogo, ambayo aina hiyo haiyagusi. Kwa kontena unaweza kuifikiria, ikiwa gari si la thamani na unaweza kubeba mwenyewe gharama ya kunyoosha bodi.

Je, kuzama ni jambo la kuhofia kweli? Hutokea mara chache, lakini likitokea huchukua kila kitu. Meli ya Felicity Ace ilishika moto karibu na visiwa vya Azores Februari 2022 ikiwa na magari yapatayo 4,000, ikazama Machi 1. Mwaka 2023 Fremantle Highway iliungua karibu na pwani ya Uholanzi na baharia mmoja akafa. Na asije mtu akadhani kontena ndilo salama: Novemba 2020, meli ya ONE Apus ilipoteza zaidi ya makontena 1,800 katika dhoruba ya Bahari ya Pasifiki usiku mmoja.

Kuna jambo la tatu ambalo karibu hakuna anayeambiwa. Meli ikipata janga na nahodha akatumia gharama au kutoa kafara sehemu ya mzigo ili kuiokoa, hasara hiyo hugawanywa kwa mwenye meli na wenye mizigo wote, hata yule ambaye gari lake halikuguswa. Ni sheria ya kale mno, tangu enzi za mabaharia wa Rhodes waliotupa shehena majini dhoruba ilipowazidi, na leo inaongozwa na kanuni za York-Antwerp. Huitwa hasara ya pamoja. Ever Given ilipokwama kwenye Mfereji wa Suez Machi 2021, mwenye meli aliitangaza, na wenye mizigo wakatakiwa kuweka dhamana kabla ya kupewa vitu vyao. Aliyekuwa na bima ya mizigo aliachia kampuni ya bima ishughulike. Asiyekuwa nayo alitakiwa kuweka fedha taslimu. Kabla ya kusaini bima yoyote, hata ile ya bei ya chini, uliza swali hili moja: je, mchango wa hasara ya pamoja umo? Kwa kawaida umo, na huo peke yake unatosha kuwa sababu ya kukata bima.

Siku unapolikabidhi gari, lipige picha kila upande, paa, ndani, kilomita kwenye dashibodi na kila mkwaruzo uliopo. Mkaguzi wa bandari huandika kasoro anazoziona. Soma alichoandika kabla ya kusaini. Kule mwisho, kagua gari kabla halijatoka getini, kwa sababu dai linaloletwa baada ya gari kutoka huwa gumu sana kulishinda.

Gari la umeme

Kama gari lako ni la umeme, maoni yangu ni kuliuza, isipokuwa unahamia nchi inayotumia plagi ileile. Ulaya huchaji kwa CCS2, Marekani ya Kaskazini kwa CCS1 na NACS, China kwa GB/T, na magari mengi ya Japani yana CHAdeMO. Vigeuzi vipo kwa baadhi ya michanganyiko, si yote, na chaji ya haraka ndiyo huteseka kwanza. Programu ya simu na ramani za gari mara nyingi hufungwa kwa eneo. Juu ya hayo, betri ya lithiamu ni shehena ya hatari kwa sheria za baharini: baadhi ya kampuni hukataa magari haya, nyingine hutaka betri iwe kati ya viwango fulani vya chaji, na yaliyowahi kugongwa hukataliwa zaidi. Usilifiche kwenye hati kwa kuliandika kama gari la petroli. Moto ukitokea, bima haitakusimamia, na maisha ya mabaharia yako humo.

Ndege

Gari hufika kwa siku chache badala ya wiki kadhaa. Bei ni mara nyingi ya ile ya meli. Ni njia ya magari ya mashindano, ya makumbusho, na ya watu wasiohesabu.

Kuliuza na kununua huko

Hii ndiyo njia ambayo kampuni za usafirishaji haziwezi kukutajia, na kwa watu wengi ndiyo sahihi.

Chukua karatasi. Upande mmoja andika nauli, bima, tozo za bandari mbili, ushuru na kodi ya ongezeko la thamani, wakala wa forodha, usafiri kutoka bandarini, kubadilisha taa na chochote kingine ili lifikie viwango, ukaguzi, usajili. Ongeza gharama ya usafiri wako wa kila siku wakati gari liko majini. Upande wa pili andika tofauti kati ya bei utakayouzia na bei ya gari kama hilo kule. Fanya hesabu kwa gari *kama hilo*, umri huohuo na hali hiyohiyo, si kwa gari jipya unalolitamani.

Kuna vitu havionekani kwenye hesabu hiyo. Upande wa usukani ni kimoja. Karibu theluthi moja ya watu duniani huishi katika nchi zinazoendesha kushoto, na waliobaki kulia. Baadhi ya nchi hazisajili gari la usukani wa upande usio wao. Zinazosajili zitakutaka ubadilishe taa, maana taa za mbele zimetengenezwa kuinamia ukingo wa barabara, na ukivuka upande zinamulika machoni mwa anayekuja. Nami nawaambia watu wazi: kulipita lori kwenye barabara ya njia mbili ukiwa umekaa upande wa ukingo ni hatari ya kila siku, haiishi baada ya wiki ya kuzoea. Kingine ni vipuri. Gari lenye jina lilelile huuzwa na injini tofauti katika masoko tofauti, na fundi wa kule atakuambia hajawahi kuona pampu hiyo. Dhamana ya mtengenezaji nayo mara nyingi haivuki mpaka. Na bima ya barabarani ya gari lililoagizwa kutoka soko jingine huwa juu zaidi.

Gari likiwa bado lina mkopo, benki ndiyo yenye sauti. Utahitaji barua ya idhini yao, na wengi hukataa. Ukitoa gari Marekani, hati ya umiliki lazima ifike forodha angalau saa 72 kabla ya kusafirishwa, na penye mkopo ile barua huambatana nayo.

Anayehama kwa mwaka mmoja au chini yake ana njia ya pembeni: kuliingiza kwa muda bila ushuru. Nchi kadhaa hudai hati iitwayo Carnet de Passages en Douane, inayotolewa na vyama vya magari dhidi ya dhamana ya fedha, na inayodumu kwa kawaida mwaka mmoja. Gari lisipotoka kwa wakati, dhamana huliwa. Kwa kazi ya miezi minane, mara nyingi ningelifunika gari nyumbani kwa ndugu.

Ningechagua nini

Unapoomba bei, omba kwa kampuni tatu, zote kwa safari ileile, na uulize ankara inaishia wapi. Bei inayoishia gati la bandari ya mwisho na bei inayoishia mlangoni kwako hazilinganishwi. Bei iliyo chini mno kuliko nyingine mara nyingi imeziacha tozo za kule zikusubiri. Omba orodha ya tozo za bandari ya mwisho kwa maandishi, na jina la wakala atakayekupokea. Kama hawawezi kulitaja, achana nao.

Gari la kawaida la miaka michache, lenye hati safi, linalotembea, kwenda nchi ya usukani uleule yenye msamaha wa ushuru kwa wahamiaji: roro, tupu, na bima ya hatari zote. Familia inayobeba nyumba nzima: kontena la futi 40 la peke yao, mradi hati za gari zimekamilika wiki kadhaa kabla. Gari la zamani lililotunzwa kwa mikono, au lisilowaka: kontena peke yake, na uwepo mwenyewe likipakiwa, uone mikanda inafungwa kwenye magurudumu au kwenye sehemu za kufunga kamba ya kuvuta gari, si kwenye mihimili ya usukani. Gari la thamani ndogo, gari la umeme wa plagi tofauti, gari lenye mkopo, au gari la usukani wa upande mwingine: liuze, hata kama moyo unakataa.

Isipokuwa mmoja. Kuna mtu ambaye gari lake lilikuwa la mama yake, au ndilo alilojifunzia kuendesha, na anajua kwamba hesabu zote zinamwambia auze. Huyo simwambii auze. Namwambia aweke fedha za ushuru pembeni kabla ya kupakia, apate kibali kwanza, achukue kontena lake mwenyewe, na abebe mkononi, ndani ya ndege, ufunguo wa pili na nakala halisi ya hati ya umiliki.